Uzi: Shilingi, kwacha mbili na dola kwenye Excel moja ya safari. Mnazipangaje?

#1 HazinaSae

Wakuu, habari za jioni.

Nimekabidhiwa faili la matumizi ya safari za kwaya yetu hapa Mbeya. Safari inayokuja ni mzunguko: tunatoka kwa Tunduma na Nakonde hadi Lusaka, tunakwenda Chipata, tunaingia Malawi kwa Mchinji, halafu Lilongwe, Mzuzu, Karonga, tunarudi nyumbani kwa Kasumulu. Michango ni ya shilingi, akiba ya dharura iko kwenye dola, na njiani tutatumia kwacha ya Zambia (K) na kwacha ya Malawi (MK).

Faili lina kolamu moja ya "Kiasi", na kila seli imewekewa alama ya fedha yake. Kwa macho linapendeza. Shida iko kwenye jumla. Chukueni mistari minne tu: chakula K 1,850, mafuta MK 240,000, malazi TSh 640,000, dharura $120. Chini inasoma TSh 881,970. Hiyo namba si shilingi, si kwacha, si dola. Ni namba nne zimerundikwa na kuvalishwa TSh.

Waliochanga ni watu wa kawaida. Kuna mama anauza ndizi Uyole amechanga kidogo kidogo tangu mavuno. Siku ya kusoma mapato na matumizi nataka naye aione hela yake ilikwenda wapi, bila kulazimika kuniamini tu kwa mdomo.

Kolamu moja yenye fedha tofauti inawezekana, au nigawe kolamu kwa kila fedha? Natumia Excel 2013, viongozi wenzangu wanafungua Google Sheets kwenye simu.

#2 fundi_mafiati

Excel haijui fedha, mkuu. Alama ya K au TSh ni fomati, yaani mwonekano tu. Bofya seli ya chakula, tazama juu kwenye mstari wa fomula, utakuta 1850 basi. SUM inachukua hizo 1850, 240000, 640000 na 120, inajumlisha, inakwenda zake.

Fedha lazima iwe taarifa inayojitegemea. Weka kolamu C ya kiasi, D ya msimbo wa fedha (TZS shilingi, ZMW kwacha ya Zambia, MWK kwacha ya Malawi, USD dola), E ya thamani kwa shilingi. Tengeneza shiti nyingine uiite Viwango, A misimbo, B shilingi kwa kipande kimoja. Kwenye E2 weka fomula ya kutafuta msimbo kwenye Viwango na kuleta kiwango chake:

=C2*VLOOKUP(D2,Viwango!$A$2:$B$5,2,FALSE)

Buruta hadi chini, jumlisha E peke yake. Tuseme ZMW ni shilingi 110, MWK 1.45 na dola 2,500 (viwango vya mfano tu hivi). Mistari yako minne inakuwa 203,500, 348,000, 640,000 na 300,000. Jumla 1,491,500. Linganisha na ile 881,970 uone pengo lililokuwa limejificha.

#3 Mama Parachichi

Fundi, sikatai, ila umefikiria kompyuta, hukumfikiria mtu aliyeshika mkoba. Mimi natoka Njombe, mizigo yangu inavuka Tunduma. Naweka kolamu nne, kila fedha na yake, na jumla ya kila moja chini. Jioni nikihesabu noti za kwacha nilizobaki nazo, nataka kolamu ya kwacha iniambie zinapaswa kuwa ngapi. Kolamu ya shilingi yenye makadirio haiwezi kunionyesha kwamba zimepungua kwacha 200. Upotevu hutokea kwenye noti.

HazinaSae, kwa kwaya gawa kolamu. Hata huyo mama wa Uyole ataelewa bila kufundishwa.

#4 Dereva wa T1

Dada Parachichi shikamoo. Kolamu nne ni za anayeishia Lusaka. Sisi tunaovuka Kasumbalesa tunaongeza faranga za Kongo, na anayeshuka Harare anakuta ZiG, fedha ya Zimbabwe iliyoanza Aprili 2024. Huo ukurasa wako ukiuchapisha utaanzia Njombe na kuishia Makambako.

#5 Mama Parachichi

Marahaba. Ukibeba fedha sita unahitaji mhasibu, siyo Excel 😀

#6 fundi_mafiati

Mama, hoja ya kuhesabu noti ni nzito, ila kolamu moja inaibeba pia. Pembeni andika:

=SUMIF(D:D,"ZMW",C:C)

Hiyo inakupa kwacha za Zambia peke yake. Badilisha msimbo kwa fedha nyingine. Kwa hiyo unapata jumla kwa kila fedha na jumla kuu ya shilingi, bila kupanua ukurasa.

#7 Kijana wa Vwawa

Kama unaipenda alama ijitokeze yenyewe kila ukiandika msimbo, tumia Conditional Formatting. Chagua kolamu C kuanzia C2 kwenda chini, weka kanuni ya fomula =$D2="ZMW", bofya Format, nenda kichupo cha Number, chagua Custom, andika:

"ZMW" #,##0.00

Rudia kwa kila fedha. Kwa shilingi andika "TSh" #,##0, senti hatuzitumii.

Msisahau alama za nukuu. Ndani ya fomati, herufi s ni sekunde, h ni saa, m ni mwezi au dakika. Ukiandika TSh au MK wazi bila nukuu, Excel inaanza kutafuta tarehe. Ama itaikataa fomati yako, ama itakuletea kitu usichokitambua.

#8 HazinaSae

Ndaga fijo, Kijana wa Vwawa. Nimejaribu, kwenye laptopu imekubali. Mwenyekiti amefungua kwenye simu kwa Google Sheets, alama hazionekani, anaona namba tupu.

#9 binti_soweto

Kwa sababu Google Sheets haina hiyo. Conditional Formatting yake inabadilisha rangi, unene wa maandishi na vitu vya namna hiyo, haigusi fomati ya namba. Alichoeleza #7 ni kweli kwa Excel ya kompyuta. Kwa watu wanaosoma kwenye simu, msimbo kwenye kolamu ya pembeni ndio utakaoonekana kila mahali.

Na tafadhali msitumie K peke yake. Nchi zote mbili zinaita fedha yake kwacha. Karatasi ikisema K 5,000, aliyekuwa Mzuzu na aliyekuwa Mpika watasoma vitu viwili tofauti kabisa.

#10 Mtaalamu Iyunga

Kuna njia rahisi kuliko zote. Kwenye kolamu mpya weka =D2&" "&TEXT(C2,"#,##0.00"). Inaonekana vizuri kwenye simu na kwenye laptopu.

#11 fundi_mafiati

Inaonekana vizuri, mkuu, lakini matokeo ya TEXT ni maandishi. Ukiweka SUM kwenye kolamu hiyo utapata sifuri, maana SUM inaruka maandishi na haitoi onyo lolote. Itumie kwenye ukurasa wa kuchapisha tu, kolamu ya namba ibaki kama ilivyo.

#12 Mhasibu wa Kihesa

Kamwene wakuu. Nasoma kutoka Iringa. Mnabishana kuhusu kolamu, lakini swali lenye hela ndani yake ni hiki kiwango mnachoweka kwenye shiti ya Viwango. Mnakitoa wapi?

Kuna kiwango kinachotangazwa na Benki Kuu. Kuna cha duka la kubadilisha fedha. Na kuna cha yule anayesimama na bunda mpakani. Kwa Malawi tofauti ni kubwa. Novemba 2023 Benki Kuu yao ilishusha kwacha kwa asilimia 44 kwa mpigo, dola ikatoka karibu kwacha 1,180 hadi 1,700, na hata baada ya hapo bei ya mtaani imekwenda mbali na ile rasmi. Ukichukua mafuta yale ya MK 240,000 kwa shilingi 1.45 ni 348,000. Ukiyachukua kwa, tuseme, senti 70, ni 168,000. Mstari mmoja, tofauti 180,000. Na hapo fomula iko sawa, na kolamu zote ziko sawa.

#13 binti_soweto

Si aweke kiwango kijilete chenyewe? Google Sheets ina =GOOGLEFINANCE("CURRENCY:USDTZS"). Unaandika mara moja, unasahau.

#14 Mhasibu wa Kihesa

Hapo ndipo sikubaliani nawe, dada. Kiwango kinachojibadilisha kinabadilisha na hesabu ya zamani. Umesoma ripoti mbele ya wanakwaya, jumla ni milioni moja na laki nne na tisini. Mwezi ujao mtu anafungua faili lile lile anakuta namba nyingine, wakati hakuna aliyegusa kitu. Kwenye mambo ya michango hilo linatosha kuvunja kwaya. Watu wataanza kunong'ona, na mweka hazina hatakuwa na cha kujitetea.

Kiwango kiandikwe kwa mkono, na tarehe yake pembeni. Kikishatumika kisiguswe.

#15 binti_soweto

Basi mwambie GOOGLEFINANCE tarehe. Inakubali:

=INDEX(GOOGLEFINANCE("CURRENCY:USDTZS","price",DATE(2025,6,14)),2,2)

Hiyo inaleta kiwango cha siku hiyo na haibadiliki kesho. Kwa bajeti kabla ya safari ile isiyo na tarehe inafaa, maana bajeti ni makadirio.

#16 Chenji Tunduma

Nimekaa Tunduma miaka. Mnayoyasema ya intaneti ni kiwango cha katikati, hakuna mtu atakayekupa hicho. Kuna bei ya kununua na bei ya kuuza, na tofauti ndiyo riziki ya anayechenji. Kiwango chako ni kile ulichopewa wewe. Umetoa shilingi 560,000 ukapokea kwacha 5,000? Gawa: 112. Andika 112 hata kama redio imesema 109.

#17 Mama Parachichi

Hapo umenena. Na risiti uchukue, kwa hiyo nenda duka lenye leseni. Kikundi kikikuuliza ulibadilisha wapi huwezi kusema "kwa kaka mmoja aliyevaa kofia".

#18 HazinaSae

Chenji Tunduma, na kama nimebadilisha mara mbili? Tuseme Tunduma nimepata kwa 112, nikafika Lusaka zimepungua, nikabadilisha tena shilingi 230,000 nikapewa kwacha 2,000. Hiyo ni 115. Chakula cha Chipata nakiandika kwa kiwango kipi?

#19 Chenji Tunduma

Za kwanza zimalize kwa 112, zinazofuata 115. Rahisi.

#20 Mhasibu wa Kihesa

Rahisi kama mifuko ni miwili na hujachanganya noti. Kwenye mkoba mmoja nani anajua noti ipi ilitoka wapi? Chukua wastani wenye uzito: shilingi zote ulizotoa, 790,000, gawa kwa kwacha zote ulizopokea, 7,000. Unapata 112.86. Angalia, siyo 113.5. Watu wengi huchukua 112 na 115 wakazigawa kwa mbili, wakati kiasi kilichobadilishwa hakikulingana.

Hata kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 21, inataka kiwango cha siku ya muamala na inaruhusu wastani wa wiki au mwezi kama bei haikuyumba sana.

#21 fundi_mafiati

Kwenye Excel fanya shiti ya tatu ya Kubadilisha: tarehe, shilingi zilizotoka, fedha iliyoingia, msimbo. Halafu kwenye Viwango, badala ya kuandika kwa mkono, weka SUMIF ya shilingi gawa kwa SUMIF ya fedha iliyoingia. Wastani unajitokeza wenyewe.

#22 Mhasibu wa Kihesa

Fundi, hapo umerudisha ugonjwa wa #13 kwa mlango wa nyuma. Akibadilisha fedha Lusaka, kiwango cha chakula alichokwisha kuandika Mpika kitasogea pia.

#23 fundi_mafiati

Kitasogea wakati safari inaendelea, ndiyo. Mkifika Kasumulu mnakopi, mnabandika kama Values (namba tupu bila fomula), imefungwa. Ripoti haisomwi safari ikiwa njiani.

#24 Chenji Tunduma

Mimi nabaki na 112 halafu 115.

#25 Mzee wa Tukuyu

Vijana, nyie mmekuta mambo mepesi. Zamani kwacha ya Zambia ilikuwa na masifuri, unakwenda Nakonde unarudi milionea. Mwaka 2012 wakakata sifuri tatu. Na kumbukeni kwacha zote mbili zilizaliwa siku moja, Zambia na Malawi.

#26 Kijana wa Vwawa

Shikamoo mzee. Nirekebishe kidogo kwa heshima. Mpango ulitangazwa 2012, lakini noti mpya zilianza tarehe 1 Januari 2013, 1,000 za zamani kwa 1 mpya. Ndiyo maana msimbo ukatoka ZMK ukawa ZMW. Na kwacha ya Zambia ilianza 1968, ya Malawi 1971.

Hili linamhusu HazinaSae pia. Kama faili la kurithi lina ZMK mahali, VLOOKUP haitaipata.

#27 Mzee wa Tukuyu

Marahaba. Sawa, 2013. Masifuri yalikuwepo lakini.

#28 HazinaSae

Kweli nimekuta ZMK kwenye mistari ya juu. Pia mstari wa chakula cha Serenje unasoma #N/A, yaani haikupatikana, na msimbo uko sahihi, ZMW, nimeuangalia mara nyingi.

#29 binti_soweto

Kuna nafasi baada ya W. "ZMW" na "ZMW " kwa Excel ni vitu viwili. Futa, kisha zuia isijirudie: chagua kolamu D, Data Validation, List, andika TZS,ZMW,MWK,USD. Watu wachague kwenye orodha, wasiandike.

Na usiiogope #N/A. Kuna wanaotumia SUMIF kuvuta kiwango badala ya VLOOKUP. Msimbo ukikosewa inaleta sifuri, na matumizi ya Serenje yanageuka shilingi sifuri bila mtu kujua. Afadhali seli ipige kelele.

#30 Dereva wa T1

Niongeze moja lililotusumbua. Laptopu ya bosi ilinunuliwa Johannesburg, mipangilio yake ya eneo ni Kiingereza cha Afrika Kusini. Huko mkato ndio nukta ya desimali, na maelfu yanatenganishwa kwa nafasi. Karani anaandika 1,500 akimaanisha elfu moja na mia tano, laptopu inapokea moja na nusu. Fomula nazo zinadai nukta-mkato badala ya mkato kati ya vipengele. Tulikaa siku nzima tunamtafuta mwizi wa mafuta, kumbe mafuta yapo.

#31 fundi_mafiati

Hilo ni kubwa kuliko tuliyoyasema yote, na wengi hawalijui. Badilisha eneo kwenye mipangilio ya Windows, au ondoa mkato wakati wa kuandika. Andika 1500, iache fomati iweke mkato yenyewe.

Linalofanana nalo: seli za viwango zisiwe na fomati ya #,##0. MWK 1.45 itaonekana 1, mtu ataona 240,000 mara 1 inaleta 348,000, atasema umeiba. Weka #,##0.0000.

#32 Mama Parachichi

Na mwelekeo wa kiwango! Kasumulu wanakwambia shilingi elfu moja ni kwacha kadhaa, Tunduma wanakwambia kwacha moja ni shilingi kadhaa. Juu ya kolamu iandikwe kwa maneno kamili: "shilingi ngapi kwa 1". Mtu akizidisha palipotakiwa kugawa, bajeti yote inapinduka.

#33 Mtaalamu Iyunga

Kwa nini msifanye bajeti yote kwa dola? Shida yote inaisha.

#34 Mhasibu wa Kihesa

Wachangiaji wametoa shilingi, wasomewe shilingi. Tena basi linakodiwa Mbeya, na kanuni za mwaka 2025 zinakataza bei na malipo ya ndani ya nchi kuwa kwa fedha za kigeni. Mwenye basi akikuletea ankara ya dola, mrudishie aandike shilingi.

#35 HazinaSae

Nimefanya hivi. Kiasi, msimbo kwa orodha, kiwango, shilingi. Kiwango nimekileta kwenye mstari wenyewe ili kila matumizi yaonekane yamepigwa kwa ngapi. Pembeni kuna jumla ya kila fedha kama alivyotaka Mama Parachichi, ya kulinganisha na noti. Msimbo upo kila mahali, alama nimeziondoa.

Limebaki moja. Tukirudi na kwacha 300 za Zambia mfukoni, naziweka wapi? Hazijatumika, lakini shilingi zake zimeshatoka.

#36 Chenji Tunduma

Zibadilishe kabla hamjatoka Zambia kwenda Malawi. Utapata chini ya 112, tofauti iandike "hasara ya kubadilisha". Imeisha.

#37 Mama Parachichi

Usibadilishe kwa hasara kama mwakani mnakwenda tena. Zifungie kwenye bahasha, ziandikwe kama salio la kwacha 300, siyo shilingi.

#38 Mhasibu wa Kihesa

Salio sawa, ila mezani lisomwe na thamani yake ya shilingi siku ya kufunga hesabu, kwa kiwango cha siku hiyo. Hapo tu ndipo kiwango cha Benki Kuu kinapoingia.

#39 Mama Parachichi

Kwa bahasha iliyofungwa? Hapana. Mimi nasema kwacha 300, noti zenyewe zikiwa mezani watu wazihesabu.

#40 mgeni_makambako

Nimechelewa kuuona uzi. Anayetumia LibreOffice lile la #7 la alama kujitokeza linawezekana?

#41 Kijana wa Vwawa

Linawezekana. Huko conditional inaita mtindo wa seli, na mtindo unabeba fomati ya namba. Tengeneza mtindo mmoja kwa kila fedha, kisha masharti yaite mitindo hiyo. Ukikwama weka hapa kanuni uliyoandika tuione.